Biashara ya mtandaoni kwa mifano ya maisha ya kila siku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekuwa nikiwafundisha watu kuuza kupitia intaneti kwa miaka kadhaa sasa, na maswali wanayoniuliza hayabadiliki sana. Haya hapa ni yale yanayorudi karibu kila darasa. Nimeyajibu kwa mambo ambayo kila mtu ameyaona kwa macho yake: nyumba, kisima, fundi, dalali, mlango. Kila mfano una mahali unapoishia, na pale unapoishia nimejitahidi kusema, maana mfano ukivutwa kupita kiasi hupotosha.

Kwa nini mifano? Si ufundishe tu namna ya kutumia zana zenyewe?

Zana hubadilika. Kitufe nilichowaonyesha wanafunzi mwaka juzi leo kimehamishwa, kimepewa jina jingine au kimeondolewa kabisa. Anayejua kitufe kile kilikuwa na kazi gani hababaiki. Atakitafuta kwa kazi yake, si kwa rangi yake.

Ipo sababu ya pili, nayo ndiyo inayoniuma zaidi. Maneno mageni ni mlango wa matapeli. Mtu huyohuyo ambaye akitaka kununua kiwanja anadai hati, anauliza majirani na kuipima mipaka kwa hatua zake mwenyewe, akiambiwa habari za trafiki na algoriti anatoa pesa bila kuuliza swali hata moja. Akili anazo. Amepokonywa tu lugha ya kuulizia. Mfano mzuri unamrudishia lugha hiyo, na akishaipata ataanza kuuliza maswali yaleyale aliyouliza kwenye kiwanja.

Domeni, hostingi na tovuti: si kitu kimoja?

Ni vitu vitatu, na watu wengi huumizwa kwa kutovitofautisha. Hostingi ni kiwanja, yaani nafasi unayokodi kwenye kompyuta isiyozimwa. Tovuti ni nyumba uliyoijenga juu yake. Domeni ni anwani, lile jina ambalo mteja anaandika ili afike kwako. Unaweza kubomoa nyumba ukajenga nyingine palepale. Unaweza hata kuhamia kiwanja kingine na anwani ukaondoka nayo, mteja asijue kama umehama. Hapo ndipo mfano wa nyumba unapoishia, kwa sababu katika maisha ya kawaida ukihama, anwani inabaki nyuma.

Kwa hiyo cha kulinda kuliko vyote ni anwani. Domeni ya kwanza ya .com, symbolics.com ya kampuni ya kompyuta iitwayo Symbolics, iliandikishwa tarehe 15 Machi 1985, miaka sita kabla Tim Berners-Lee hajafungua tovuti ya kwanza duniani pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Uswisi, mwaka 1991. Kompyuta zilizotengenezwa na kampuni ile zimebaki historia, lakini jina lilipata mnunuzi mwaka 2009.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni hili: mtu anamlipa fundi amtengenezee tovuti, na fundi anaandikisha domeni kwa jina lake mwenyewe. Ni sawa na kumtuma mtu akakununulie kiwanja, naye hati akaiandika kwa jina lake. Huenda hana nia mbaya, ameona tu ni rahisi. Lakini siku mkikosana, au akibadilisha namba, anwani iliyoandikwa kwenye mifuko yako yote ya bidhaa iko mikononi mwa mtu mwingine. Kabla hujalipa, uliza: domeni itaandikishwa kwa jina la nani, na kwa barua pepe ya nani? Jibu sahihi ni jina lako na barua pepe yako.

Kumbuka pia kwamba domeni hainunuliwi ikaisha. Unailipia kwa muda, mara nyingi mwaka mmoja mmoja, na ukisahau kulipia, mtu mwingine anaweza kuichukua kihalali kabisa. Mimi niliwahi kupoteza moja kwa njia hiyo. Barua za kunikumbusha zilikuwa zinakwenda kwenye barua pepe ya zamani niliyoacha kuifungua. Sikumdai mtu yeyote kitu. Kosa lilikuwa langu.

Nina wafuasi wengi kwenye mitandao ya kijamii. Tovuti ya nini tena?

Kwenye mitandao ya kijamii wewe ni mpangaji. Umeipaka rangi nyumba, umeweka mapazia, wageni wanakuja, lakini mwenye nyumba ni mwingine, na anaweza kubadilisha kufuli bila kukuuliza. GeoCities ilibeba mamilioni ya kurasa za watu. Yahoo waliifunga mwaka 2009. Vine, ambako watu walijenga majina makubwa kwa video za sekunde sita, ilifungwa mwaka 2017. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ikawafungia watumiaji wa kawaida mwaka 2019. Waliokuwa hawana njia nyingine ya kuwafikia wafuasi wao walianza upya.

Na hata nyumba isipofungwa, kodi hupanda kimyakimya. Chapisho ambalo zamani lilionyeshwa kwa wafuasi wengi leo linaonyeshwa kwa wachache, mpaka ulipie.

Simwambii mtu ahame, kwa kuwa huko ndiko watu waliko. Ninachosema ni kwamba kila unapomkaribisha mgeni kwenye nyumba ya kupanga, mwonyeshe pia ilipo nyumba yako, ili siku ukiamka ukakuta kufuli jipya, yeye anajua pa kukufuata.

Si wanasema kizuri chajiuza?

Wanasema, na methali inamalizia kwamba kibaya chajitembeza. Lakini ilitungwa mahali ambapo watu hupita mbele ya kile kizuri wakakiona. Kwenye intaneti hakuna apitaye kwa bahati. Ukurasa ambao haujaunganishwa na kitu chochote uko kama nyumba isiyo na njia inayoifikia, hata iwe nzuri namna gani. Kizuri kitajiuza kwa mteja wa pili, yule aliyesimuliwa na wa kwanza. Wa kwanza lazima umwendee.

Niuze nini?

Anza na kitu ambacho watu tayari wanakuuliza au wanakuomba uwasaidie. Mwaka 1995, Pierre Omidyar alipofungua mnada wa mtandaoni ambao baadaye uliitwa eBay, alitundika pointa yake ya leza, kile kitochi kidogo cha kuonyeshea kwa nukta ya mwanga, iliyoharibika, na mtu akainunua kwa dola 14.83. Mnunuzi alikuwa mkusanyaji wa pointa mbovu. Wengi husimulia kisa hicho kuonyesha kwamba kila kitu kina mnunuzi. Mimi nakisoma tofauti: kila kitu kina mnunuzi, lakini wa pointa mbovu alikuwa mmoja. Kabla hujaweka mtaji, tafuta wangapi wanakitaka, siyo kama yupo anayekitaka.

Injini ya utafutaji, kama Google, inaamuaje nani aonekane juu?

Fikiria umehamia mtaa mpya na unatafuta fundi cherehani. Unauliza watu. Wawili hawajui, watatu wanakutajia mtu yuleyule. Kisha fundi mwingine, anayeshona suruali tu, anakwambia, "Kwa magauni, nenda kwa fulani." Neno lake lina uzito kuliko la wale watatu, kwa sababu yeye mwenyewe anaheshimika kwa kazi hiyohiyo.

Hilo ndilo wazo ambalo Larry Page na Sergey Brin walilifanyia kazi wakiwa wanafunzi wa Stanford, kabla ya kuanzisha Google mwaka 1998. Kila kiungo, yaani maneno unayobofya yakakutoa tovuti moja kwenda nyingine, walikihesabu kama mtu anayemtaja fundi, na kutajwa na anayetajwa sana kukapewa uzito mkubwa zaidi. Siku hizi mambo mengi mengine yanaangaliwa: kama ukurasa unajibu kile kilichoulizwa, kama unafunguka haraka, kama unasomeka kwenye simu. Wazo la kutajwa bado limo.

Tamaa ya kulipia watu wakutaje ni ya zamani kama biashara yenyewe. Wengi walinunua viungo kwa maelfu, na mwaka 2012 Google wakatoa badiliko lililopewa jina Penguin, lililozishusha tovuti nyingi za namna hiyo. Anayekuahidi viungo 5,000 ndani ya wiki anakuuzia mashahidi wa kukodi.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni maneno. Mwenye biashara huandika kwa lugha ya stoo yake, mteja hutafuta kwa lugha ya shida yake. Muuza magodoro anaandika "godoro la msongamano wa juu." Mteja saa nane za usiku anaandika "mgongo unauma nikiamka." Wawili hawa hawatakutana, ingawa mmoja ana dawa ya mwenzake. Soma jumbe ambazo wateja wamekuandikia, chukua maneno yao kama yalivyo, uyaweke kwenye vichwa vya kurasa zako.

Nilipie matangazo, au nisubiri kupatikana bila kulipia?

Kulipia tangazo ni kununua maji kwa ndoo. Unalipa, maji yanafika leo, na siku usipolipa ndoo ni tupu. Kuandika kurasa nzuri zinazopatikana zenyewe ni kuchimba kisima. Miezi ya kwanza unatoa udongo tu, watu wanakuona unachafuka, na maji hakuna. Yakishatoka, yanatoka hata usiku ukiwa umelala.

Mwenye kiu hawezi kusubiri kisima, na anayenunua ndoo maisha yake yote atachoka. Nionavyo mimi, nunua ndoo chache za kukupa uhai na za kukufundisha, huku unachimba. Ndoo hufundisha kweli: tangazo dogo la siku chache litakuonyesha ni sentensi ipi watu wanaibofya, na sentensi hiyo utaitumia kwenye kisima. Mfano huu nao una mwisho: kisima cha mtandaoni kinaweza kukauka ghafla injini ya utafutaji ikibadilisha kanuni zake, kwa hiyo usichimbe kimoja tu.

Jua pia kwamba unaponunua tangazo unaingia mnadani. Google walianza mfumo wao wa matangazo, ambao wakati ule uliitwa AdWords, mwaka 2000, na mwaka 2002 wakaanza kupanga matangazo bila kutazama dau peke yake. Walitazama pia kila tangazo linabofywa na watu wangapi. Mnadishaji hapendi kumpa jukwaa mtu ambaye umati haumsikilizi, hata kama ana pesa. Ndiyo maana mwenye mtaji mdogo na tangazo linalogusa anaweza kukaa juu ya tajiri mwenye tangazo baridi.

Mbona tangazo langu lilifanya vizuri wiki ya kwanza, kisha likafa?

Macho yamelizoea. Bango jipya njiani kwako unalisoma siku ya kwanza. Baada ya wiki mbili unapita bila kuliona. Tarehe 27 Oktoba 1994 tovuti ya HotWired ilionyesha matangazo ya mabango ya mwanzo kabisa mtandaoni, na lile la kampuni ya simu ya AT&T linatajwa kwamba lilibofywa na watu 44 kati ya kila 100 walioliona. Leo bango la kawaida halipati hata mmoja kati ya 100. Badilisha picha na maneno kabla hayajachakaa.

Watu wanaingia kwenye tovuti yangu lakini hawanunui. Nileteje wengine wengi zaidi?

Usilete. Ndoo inavuja, kuongeza maji kutaongeza tu tope sakafuni.

Fanya hesabu. Kati ya wageni 1,000 wanaoingia kwa mwezi, tuseme 10 wananunua. Ili wawe 20 una njia mbili: ulete wageni 1,000 wengine, gharama utakayorudia kila mwezi, au urekebishe kinachowafukuza ili kati ya kila 100 wanunue wawili badala ya mmoja. Njia ya pili unaigharamia mara moja tu.

Kinachovuja hutakijua kwa kukaa peke yako mbele ya kompyuta. Nilikijua siku nilipomwomba jirani yangu anunue kitu kwenye duka langu la mtandaoni, mimi nimekaa pembeni yake nimenyamaza. Alishika simu mkono mmoja, mkono wa pili amembeba mtoto. Picha ya kwanza ilichelewa kufunguka; akamrekebisha mtoto begani. Ilipofunguka akausukuma ukurasa juu kwa kidole gumba, akaushusha, akausukuma tena. Nikamuuliza anatafuta nini. "Kuletewa ni kiasi gani?" Ilikuwa imeandikwa, chini kabisa, kwa herufi ndogo za kijivu ambazo mimi niliziona nzuri sana. Akaendelea mpaka kwenye fomu. Ilikuwa na nafasi 11 za kujaza, na ya tatu iliuliza jina la kampuni. Akasema, "Mimi sina kampuni, dada," akaniwekea simu mapajani.

Usiku ule niliondoa nafasi saba kwenye fomu, nikapandisha gharama ya kuletewa juu karibu na bei, na nikapunguza ukubwa wa picha. Sikubadilisha bidhaa wala sikulipia tangazo lolote, na wanunuzi wakaanza kufika mwisho wa fomu.

Lakini usitegemee ndoo isiyovuja kabisa. Kwenye duka lolote wengi hutazama tu na kuondoka, na wengine hurudi mwezi ujao.

Mteja atamwaminije mtu asiyemwona?

Hapa ndipo biashara ya mtandaoni ilipo ngumu kuliko ya dukani, na sipendi kulifunika. Dukani mteja anashika kitambaa, anakinusa, anakuangalia usoni. Mtandaoni unamwambia alipe kwanza. Kwake ni kununua mbuzi kwenye gunia.

Kazi yako ni kulifungua gunia. Weka picha ulizopiga mwenyewe, kwa mwanga wa dirishani, na mojawapo ionyeshe bidhaa ikiwa mkononi ili ukubwa ueleweke. Andika vipimo. Taja kasoro: kama rangi hupauka kidogo baada ya kufuliwa mara kadhaa, iseme. Nimeona mara nyingi kwamba sentensi moja ya kukiri kasoro inamfanya mteja aamini zile nyingine tisa za sifa. Eleza pesa zinarudishwaje asiporidhika, kwa siku ngapi, na nani analipia usafiri wa kurudisha.

Nifute maoni mabaya?

Matusi na uongo, ndiyo. Malalamiko ya kweli, hapana. Yajibu hadharani, kwa upole, ueleze umefanya nini kurekebisha. Anayesoma hayo ni mteja wa kesho, anayetaka kujua utamtendeaje mambo yakiharibika.

Barua pepe bado zina maana?

Zina maana kubwa, ukipiga hodi kwanza. Mwaka 1978 Gary Thuerk, aliyekuwa akiuza kompyuta za kampuni ya DEC, alituma tangazo moja kwa watu wapatao 400 kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, bila kuwaomba ruhusa. Wengi walikasirika. Ilileta mauzo pia, na ndiyo sababu tabia hiyo haijafa. Ila siku hizi mlango una mlinzi: programu za barua pepe huwatupa wasiokaribishwa kwenye taka, na sheria zimekaza. Ile ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa za watu, inayoitwa GDPR, ilianza kutumika tarehe 25 Mei 2018, nayo inamgusa hata aliye nje ya Ulaya akiuzia watu walioko huko.

Aliyekupa anwani yake mwenyewe amekufungulia mlango. Ingia kama mgeni mwema: uwe na la maana la kusema, usije kila siku, na ukiambiwa inatosha, ondoka bila maswali. Kiungo cha kujiondoa kiwe wazi. Orodha ya watu 200 waliokukaribisha naithamini kuliko anwani 20,000 zilizonunuliwa.

Kuuza kwa kamisheni bidhaa za wengine ni utapeli?

Ni udalali, na dalali mwaminifu ni mtu wa msaada. Anaijua nyumba anayokupeleka, na hafichi kwamba analipwa. Sema wazi kwamba utapata kamisheni, na usisifie ambacho hujakijua. Ukiona malipo yako hayatoki kwenye bidhaa bali kwenye kuwaingiza watu wapya wanaolipa kiingilio, hiyo ni piramidi. Toka.

Nitaanza kupata faida lini?

Sina tarehe ya kukupa, na anayekupa tarehe mkimbie. Amazon ilifungua mlango kwa wateja Julai 1995 na ilipata faida ya mwaka mzima kwa mara ya kwanza mwaka 2003. Usiuchukue mfano huo kama kibali cha kupata hasara kwa miaka minane. Wao walikuwa na pesa za wawekezaji na wewe una akiba yako. Pima kidogo kidogo: ukitoa gharama ya bidhaa, tangazo na usafiri, mteja mmoja anakuachia kiasi gani? Kama jibu liko chini ya sifuri, wateja mia watakuzamisha mara mia.

Nimtambueje mwalimu wa kweli?

Mwombe akuonyeshe kitu alichowahi kuuza mtandaoni mbali na masomo yake. Mwombe akueleze neno lolote gumu alilotumia kwa mfano wa nyumbani. Akishindwa, ama halielewi, ama hataki ulielewe.

Nina saa moja tu kwa siku. Nianzie wapi?

Wiki ya kwanza, fungua jumbe za simu yako na uandike maswali 20 ambayo wateja wamewahi kukuuliza, kwa maneno yao wenyewe. Wiki ya pili na ya tatu, jibu swali moja kwa siku, kama unavyomjibu mtu aliyesimama mbele yako. Hizo ndizo kurasa zako za kwanza. Wiki ya nne, andikisha domeni kwa jina lako, uziweke kurasa hizo pamoja na bidhaa moja au mbili, na mahali pa mtu kuacha barua pepe yake. Kisha mtafute jirani, mpe simu, kaa pembeni yake unyamaze. Matangazo ya kulipia yasubiri mpaka mtu wa kwanza asiyekufahamu kabisa awe amenunua.